Volga Inyamaze Kabla ya Nairuzi

Jumanne, 12 Machi

Ekzosi ya gari langu, Volga, imekatika. Si kukatika kabisa, imening'inia tu kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Bolti zilizoshika bomba pale linapotoka kwenye injini zimeliwa na kutu mpaka zimekuwa kama biskuti. Nilikuwa natoka sokoni, nikasikia pah! Halafu mngurumo. Mngurumo wa maana. Askari wa barabarani aliyetaka kunisimamisha akabadili mawazo, akasimama nyuma ya mforsadi. Nadhani alidhani kifaru kimerudi mjini kwetu Margilan.

Nikaingia uani kwangu hivyo hivyo. Madirisha yakatetemeka. Mjukuu wangu Shohruh akaamka. Hajatimiza arobaini bado. Mama yake Zebiniso, mke wa mwanangu, alikuwa amembembeleza tangu adhuhuri na ndiyo kwanza kamlaza kwenye susu. Mtoto akalia. Kuku wakalia. Nasikia Zebiniso naye alilia kidogo, lakini hilo sikuliona kwa macho yangu, kwa hiyo siliandiki.

Mke wangu Hosiyat akatoka jikoni na mwiko. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Akasema, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu, kwamba jua la Nairuzi, mwaka mpya wetu, siku tisa kutoka leo, likizama na Volga bado inanguruma, basi inakwenda kwa Qudratilla. Akaapa kwa jina la mjukuu.

Qudratilla ni mdogo wake, yaani shemeji yangu, mwenye mkahawa wa chai kando ya mfereji. Ameimezea mate Volga yangu miaka nenda miaka rudi. Na si kwa kuiendesha! Anataka aing'oe injini, gari aliweke mbele ya mkahawa, ajaze udongo kwenye boneti, apande mrihani. Mrihani! Kwenye Volga ya marehemu baba! Gari lililombeba mkurugenzi wa kiwanda cha hariri mara mbili, na mara ya pili akalala njia nzima.

Hosiyat akasema mrihani unanukia vizuri kuliko moshi wangu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Bolti mbili tatu, kazi ya kikombe cha chai. Nilipokuwa jeshini nilifunga bomba la kifaru kwa kifungo cha koti, tukaenda nacho hadi mpaka wa China. Akauliza kifungo gani, cha juu au cha chini. Maswali mengine hayajibiwi.


Jumatano, 13 Machi

Sokoni kwa Saodat. Mwanamke mpana, sauti kama tarumbeta, anauza bolti na nati kwa kilo. Hukaa juu ya mto katikati ya masanduku yake ya chuma kama malkia. Akaniuliza nataka za nini. Sikutaka soko zima lijue, kwa hiyo nikasema za mashine. Mashine gani? Nikasema ya siri. Akacheka mpaka mto ukahama. Akasema haya baba wa siri, masanduku hayo, chagua mwenyewe, usije ukanilaumu.

Nikachagua. Nina jicho la chuma mimi. Bolti zinazong'aa kama sarafu mpya, na nati za ajabu ambazo sijawahi kuziona: ndani zina kapete ka plastiki ya buluu. Kapete kanashika bolti, nati hailegei hata ukiipigia ngoma. Nati yenye akili! Nikajiuliza aliyebuni kitu hiki alikuwa mtu wa namna gani. Kwa hakika alifanana na mimi.

Saa nane nimekwisha kufunga. Nikawasha. Kimya! Volga ikawa kama paka aliyeshiba maziwa. Hosiyat akachungulia dirishani, akarudi ndani bila neno. Hiyo kwake ni sifa kubwa.

Hapo ningeweza kukaa nyumbani. Lakini haki lazima ionekane. Nikaiendesha hadi kwa Qudratilla, nikaiegesha mbele ya mkahawa injini ikiwa inawaka, makusudi, nikaagiza chai ya kijani. Nikawaeleza wote waliokuwapo juu ya nati yenye akili.

Kikombe cha pili, harufu. Qudratilla akakimbilia jikoni kumtukana mpishi kwamba anaunguza pilau. Mpishi akasema pilau yenyewe haijapanda motoni. Watu wakaanza kuinama, kutazama chini ya Volga. Tone la buluu. Tone jingine. Halafu ting! Nati ikaanguka, ikabingirika polepole, kama iliyotumwa, mpaka miguuni kwa shemeji.

Akaiokota. Akaigeuza geuza. Akasema, "Shemeji, gari lako linataga."

Basi. Hapa kwetu ukishawapa wanaume mada moja wakiwa na chai mkononi, umekwisha. Kila mmoja anaishika na kukurushia kwa zamu. Mmoja akauliza kama huu ndio mtago wa kwanza. Wa pili akasema yai limechemshwa tayari, chumvi iko wapi. Wa tatu akasema Volga ya zamani hivyo, kumbe bado inapata! Wa nne, mzee asiye na meno, akasema tusiikaribie, mama kuku ana hasira. Mimi nikajibu kwamba angalau langu linataga, yao hayana hata jogoo. Halikuwa jibu zuri. La kuwanyamazisha limenijia nikiwa njiani kurudi, lakini Volga ilikuwa inanguruma sana, likanitoka tena.


Alhamisi, 14 Machi

Sina kinyongo. Nina swali. Moto unafanya nini kwenye chuma? Watu wanaendesha magari maisha yao yote na hawajajiuliza. Mimi najiuliza.

Leo ni siku ya Hosiyat kuoka. Tanuri lilikuwa limewaka, makaa mekundu chini, yeye kaingia ndani kukanda. Nikaangusha kwenye makaa kitu kimoja cha kila aina. Nikalala kifudifudi mdomoni mwa tanuri na kutazama. Nyusi zimepungua kidogo.

Ajabu tupu! Bolti inayong'aa ilijivua ngozi. Ule mng'ao kumbe ni koti tu la zinki! Ukatoka moshi mweupe, laini kama sufi. Ndani mlikuwa na chuma cha kawaida kabisa, chenye aibu. Washa ya springi, ile pete ya chuma iliyokatwa upande, baridi ilikuwa ngumu, ukiibana inakurudishia ubishi. Nilipoitoa na kuiacha ipoe, ikalala kati ya vidole vyangu kama tambi. Haina ubishi tena. Moto umeitoa roho. Nati ya shaba niliyoifungua kwenye bomba la maji la uani ilibadilika rangi tu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa. Sikuijali sana.

Lakini kijiko! Nilitia pia kijiko cha chai cha Hosiyat, kile kisichoshika kutu. Kilitoka na rangi ya dhahabu, halafu zambarau, halafu buluu, zimeingiliana kama atlasi, kitambaa chetu cha hariri kinachofumwa hapa Margilan. Nikakaa nacho mkononi kwenye kitambaa kwa muda mrefu. Nani angejua kwamba ndani ya kijiko mna hariri? Kikabaki kigumu, hakikujivua ngozi, hakikutoa moshi. Nimepata jibu! Ekzosi inataka chuma kisichoshika kutu.

Hosiyat hakujua. Alikuja, akabandika mikate yake ukutani mwa tanuri kama kawaida. Ikatoka mizuri ya macho. Akamega, akatafuna. Akauliza kwa nini mkate una ladha ya kulamba betri. Mkate kwetu hautupwi. Akawapelekea kuku. Kuku wakautazama, wakaondoka kwa mstari.

Halafu akauliza maji yaliyojaa uani yanatoka wapi. Halafu akakiona kijiko.


Jumamosi, 16 Machi

Nimelala kwa mwanangu upande wa pili wa ua tangu juzi. Naendelea vizuri.

Leo nimepata bolti na nati za chuma kisichoshika kutu kutoka kiwanda cha zamani cha hariri, kwenye mashine iliyokuwa ikichemsha vifuko vya viwavi. Mlinzi ananifahamu. Bolti nzito, safi, za enzi ambazo watu walitengeneza vitu. Nikamwambia mlinzi kwamba hizi zitadumu kuliko gari, kuliko mimi, kuliko mtaa. Akasema anaamini.

Nikalala chini ya Volga, nikaanza kukaza. Kavu, bila grisi. Grisi ni ya watu wenye mikono dhaifu. Nikakaza kwa kasi. Ikaanza kulia kwii, kwii. Nikadhani inafurahi. Ikafika katikati, ikagoma. Mbele haiendi. Nyuma hairudi. Nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, na si uzito wa kuchezea. Wapi! Nati na bolti zimekuwa kitu kimoja, kama zilizaliwa hivyo. Nikajaribu ya pili ili kuona kama ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya.

Nikiwa hapo chini nikaona viatu. Qudratilla. Amekuja na futi ya kamba, anapima boneti. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anahesabu udongo. Nikamwambia Nairuzi bado. Akasema ndiyo maana amekuja mapema, mtu makini hujiandaa. Halafu akachuchumaa, akanitazama usoni, akasema, "Shemeji, ukipenda baki hapo hapo chini. Na wewe nitakupanda. Kichwa chako hakina tofauti na kitunguu."

Nimezikata kwa msumeno. Imenichukua mchana mzima. Shohruh hakulala.


Jumapili, 17 Machi

Kwa Saodat tena. Hakuniuliza kitu. Alitazama mikono yangu, akasema, "Baba wa siri, mashine yako ina magurudumu manne na inaamsha watoto."

Kumbe soko zima linajua.

Akanitaka nimweleze tangu mwanzo. Nikamweleza kwa ufupi na kwa heshima yangu. Nilipofika kwenye plastiki ya buluu alishika kifua. Kwenye tanuri aliita jirani aje asikie. Kwenye bolti za kiwandani akatikisa kichwa, akasema chuma kisichoshika kutu kwa chuma kisichoshika kutu, vikavu, ni maharusi wa wiki ya kwanza. Wakishikana huwatoi.

Akaingiza mkono chini ya mto wake, si kwenye masanduku, akatoa nati nne za shaba. Ndefu kidogo, njano, nzuri. Akasema ndizo za mwisho alizo nazo za saizi hiyo. Akaeleza kwamba shaba na chuma hazigandani. Moto uje, kutu ije, siku ukitaka kufungua, spana ikigusa tu zinakuja. Unatumia na bolti ya chuma cha kawaida isiyo na koti la kung'aa. Na mkiani mwa bomba, nyuma kule, nisifunge bolti yoyote. Injini inatikisika, bomba lazima licheze nayo. Litundikwe kwa mpira.

Nikamwambia nilikuwa najua yote hayo, nilitaka tu kuona kama na yeye anajua. Akasema amefurahi kufaulu.

Lakini nimeanza kufikiri. Shaba ni laini, chuma ni kigumu, na kwa sababu hiyo hasa zinaelewana. Mimi na Hosiyat tuna miaka thelathini ya ndoa. Nani laini?


Jumatatu, 18 Machi

Nati za shaba zimekaa kama vito vya bibi harusi. Mbele hakuna hata pumzi inayovuja.

Ila suala la mpira sikulikubali. Kitu kinachoning'inia kwa mpira ni nguo za kuanika. Mkiani nikaweka bolti ya reli. Ndiyo, ya reli, niliiokota zamani nikijua siku yake itafika. Bomba nikalibana kwenye mwili wa gari mpaka likawa halina la kusema.

Nikawasha. Bomba halikunguruma. Gari zima ndilo lililonguruma! Milango, viti, usukani, meno yangu. Volga imekuwa tarumbeta ndefu ya arusi, ile ya kubebwa na watu wawili, na mimi niko ndani yake. Vikombe vikatembea rafuni kwa Zebiniso. Nikaipeleka barabarani ili izoee. Haikuzoea. Kwenye kona ya pili bomba likapasuka katikati, kra!

Nimejifunza jambo kubwa leo: bolti ya reli ni imara kweli kweli. Haikulegea hata kidogo.


Jumatano, 20 Machi

Bomba limerudi kutoka kwa mchomeleaji. Zile nati za shaba zilifunguka kwa vidole tu, kama Saodat alivyosema, yaani kama nilivyojua. Mkiani nimetundika kwa mpira. Nimekata viatu vyangu vya mpira vya kuvalia matope, vipande viwili vipana, vimeshika vizuri. Wazo langu mwenyewe. Kilichobaki ni kukaza nati nne mbele, basi. Kazi ya kikombe cha chai.

Lakini ua umetekwa. Wanawake wa mtaa wote wako kwetu, wanapika sumalak ya Nairuzi. Sufuria la chuma, pana kama bwawa la bata, maji ya ngano iliyochipua, unga, mafuta. Litakorogwa jioni na usiku kucha mpaka liwe uji mzito, mtamu, wa rangi ya chai. Moto wao uko mita mbili kutoka Volga. Nilipotaka kulala chini ya gari, Oyimxon bibi, jirani yetu wa ukuta mmoja na mkubwa wa wote pale, akasema mwanaume anayelala chini ya macho ya wanawake anaosha sufuria. Nikaahirisha hadi asubuhi.

Nati nilizichemsha kwa soda zisiwe na mafuta, nikaziweka kwenye kopo tupu la halua, juu ya rafu.

Mtu asiseme sikusaidia. Mawe ya sumalak nimeyamimina mimi mwenyewe. Wanawake huweka vijiwe vilivyooshwa chini ya sufuria ili uji usishike, na asubuhi anayekuta kijiwe kwenye bakuli lake ana bahati ya mwaka, anaomba jambo moja moyoni na kukiweka. Hosiyat akapaza sauti kwamba vijiwe viko kwenye kopo rafuni, mtu amletee. Nikaleta. Nikasema mwenye nyumba ndiye anayemimina, ndivyo baba yangu alivyofanya. Uongo, lakini mzuri. Nikasema bismillahi, nikamimina kutoka juu, kwa madaha. Vikalia vizuri chini ya sufuria. Wakanishangilia. Oyimxon bibi tu ndiye aliyesema mawe ya mwaka huu yana mlio wa kengele.


Alhamisi, 21 Machi, Nairuzi

Nimefungua kopo asubuhi. Mawe.

Meupe, yameoshwa, yamepangwa vizuri. Nikayatazama. Yakanitazama.

Rafuni kulikuwa na makopo mawili ya halua.

Nikakimbia uani. Sufuria limekwanguliwa, limeinamishwa. Wanawake wanalalamikia mikono, mwaka huu uji umeshika chini kama gundi, wamekoroga mpaka mabega yamehama. Mabakuli yameshagawiwa mtaa mzima. Saodat amekwenda kijijini kwao, soko limefungwa. Jua likizama Volga ni bustani.

Nikaanza kwa Oyimxon bibi. Nilimkuta amekaa kwenye jua, nati yangu ya shaba iko kiganjani mwake, inang'aa kuliko ilivyoingia. Usiku mzima kwenye uji wa ngano imesafishika kama pete! Hilo lazima nilichunguze siku nyingine. Akasema katika miaka yake yote amepata vijiwe, hajawahi kupata dhahabu, na ameshaomba lake. Nikamweleza ukweli, kwamba bila hiyo nati Volga haitanyamaza kamwe. Akanitazama. Akaanza kucheka bila sauti, machozi yakamtoka, akanisukumia nati mkononi na kusema, "Chukua, mwanangu, kimbia! Kumbe ombi limejibiwa kabla sijamaliza chai!"

Wazee wana maneno yao.

Ya pili ilikuwa kwa mwalimu Sotvoldi, anayekaa dirisha kwa dirisha na maegesho yangu. Nilidhani atabishana, anapenda kubishana. Nilipotaja Volga tu akaifungua leso, akanipa, akauliza kama nahitaji na mtu wa kunishikia taa. Ya tatu ilikuwa nyumbani kwangu, kwa Zebiniso. Nikaona haya kumnyang'anya mzazi bahati yake. Nikamwambia aombe jambo lingine, nitamtafutia kijiwe. Akaona aibu, akainama, akaniwekea nati kwa mikono miwili. Akasema, "Hapana baba, ni lile lile."

Sielewi kwa nini wote wamenipa haraka hivyo. Heshima, nadhani. Nimefanya mengi kwenye mtaa huu.

Ya nne. Nani mwingine? Alikuja mwenyewe alasiri, kamba ya kuvutia gari begani, mche wa mrihani kwenye kopo mkononi, na nati yangu imening'inia shingoni kwa uzi! Nyuma yake nusu ya mkahawa, wamekuja kutazama. Qudratilla akasimama katikati ya ua, akatangaza kwa wote kwamba Mungu amemwonyesha ishara. Amekuta kipande cha gari ndani ya bakuli lake, hata haikuhitaji tafsiri, na papo hapo ameomba Volga iwe yake.

Nati tatu ziko mahali pake. Nilikuwa nimeshazikaza. Nikawasha ili nimwonyeshe. Psss, psss, inavuja upande mmoja kama bata mgonjwa. Jua liko juu ya paa la mwalimu. Nikamwambia shemeji kwamba nati iliyopikwa ikivaliwa shingoni inaleta jipu. Akasema atavumilia. Nikamwambia nilipokuwa jeshini kapteni wetu alivaa nati hivyo, akaota nyingine. Watu wakacheka, yeye akaikumbatia.

Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma: niliweka mkono kwenye boneti nikamkumbuka baba, nikamwomba radhi.

Ndipo Oyimxon bibi, aliyekuwa mlangoni na fimbo yake, akauliza Qudratilla ameomba nini, hakusikia vizuri. Qudratilla akarudia kwa sauti kubwa, Volga iwe yangu, bibi! Akaambiwa aseme tena, sikio la kushoto ni bovu. Akapiga kelele. Bibi akaguna. Akasema, "Basi, mwanangu, umeimaliza. Ombi la sumalak linakaa moyoni. Ukishalisema mara moja limetoboka. Wewe umelisema mara tatu, na lile la kwanza ulilitangazia mkahawa mzima. Hiyo shingoni sasa ni nati tu."

Qudratilla akawatazama wanawake. Wote wanatikisa vichwa, kwa masikitiko kabisa. Akamtazama dada yake. Hosiyat akanyoosha kiganja, kama anavyomnyooshea tangu wakiwa watoto. Akaivua. Hosiyat akanirushia mimi, akasema jua linaondoka, unasubiri nini.

Nikajitupa chini ya gari, nikaikaza nati ya nne. Nikatoka chini, nikawasha.

Hakuna kitu. Nikadhani haijawaka! Mwalimu akaweka sikio kwenye boneti, akasema inafanya kazi. Mwadhini akaadhini magharibi na tukamsikia neno kwa neno. Ndani, Shohruh hakugeuka hata upande. Hosiyat akaja, akaifuta boneti kwa pindo la gauni lake, mara moja tu, kisha akasema nirudi kulala upande wa kwetu.

Qudratilla akanywa chai nasi. Mrihani wake ameupanda kwenye sufuria bovu. Akasema unapendeza vile vile.


Jumamosi, 23 Machi

Volga iko kimya. Mkono wa baba ulioitunza umepata mrithi. Kazi yote nimeifanya mwenyewe.

Leo nimepita mtaani mara ya kwanza nikiwa nimevaa kofia mpya. Oyimxon bibi alikuwa akifagia kizingiti. Hakuinua kichwa. Akafagia na gurudumu langu la mbele. Mwalimu alikuwa dirishani, anasoma gazeti, akageuza ukurasa. Paka alikuwa amelala katikati ya barabara. Nikamfikia hadi mita moja, hakuamka. Nikashuka, nikambeba, nikamweka pembeni. Hakuna aliyeona.

Nikapita mkahawani mara tatu. Mara ya tatu nikasikia mtu akimuuliza Qudratilla kama Mamasoli ameuza gari, maana siku hizi hapiti.

Hapiti! Mimi!

Si kwamba nataka kelele. Mtoto alale, sina neno. Lakini kuna swali ambalo hakuna mtu Margilan nzima aliyewahi kulichunguza. Kati ya kimya na mngurumo kuna nini? Lazima kuna sauti moja hapo katikati. Sauti ya heshima, ndogo, ya kumfanya mtu ainue kichwa tu na kusema, ah, Mamasoli huyo.

Nimelala chini ya gari na spana. Nati moja tu, nusu mzunguko. Imekuja laini kama siagi. Nusu haikuonyesha tofauti, nimeongeza nyingine. Kwa usahihi wa uchunguzi nimelegeza na ya pili.

Zebiniso amenipungia mkono kutoka mlangoni, kidole mdomoni, maana yake Shohruh ndiyo kwanza kalala. Nimempungia na mimi.

Sasa nawasha.